Aliyekitoa Kigoda

Mhadhara kuhusu vyeo vya wake wa watawala, kutoka Milanzi hadi Uingereza

 Baridi ya Juni hapa Sumbawanga haimwonei mtu haya, na anayeacha jiko lake la mkaa aje kusikiliza mhadhara amefanya jambo kubwa. Nitajitahidi msijutie.

Mada niliyopewa ni vyeo vya wake wa watawala. Walionipa walikuwa wakiwafikiria wale wanawake wa Uingereza walioolewa na maduki. Nitafika huko. Lakini siwezi kusimama katika ardhi ya Ufipa nikaanzia London, kwa sababu nchi hii ina simulizi lake kuhusu mke wa mtawala, na ni simulizi zito kuliko mengi nitakayosema baadaye.

Mnalijua. Hapa Milanzi, ambako leo ni kata ya manispaa yetu, ndipo ulipokuwa utawala wa kwanza wa Wafipa, wa uzao wa Ntatakwa, ambaye wazee husema alishuka kutoka mbinguni. Siku moja mtawala wa Milanzi alikwenda mawindoni. Nyumbani alimwacha mkewe, na pamoja na mke aliacha kigoda chake. Wakatokea wanawake watatu, wageni, wametoka mbali. Mke wa Milanzi akawapokea. Mkubwa wao akakikalia kile kigoda. Baadhi ya wasimulizi husema mume alikuwa ameonya kabla hajaondoka kwamba mgeni yeyote asikalishwe pale. Wengine hawalitaji onyo. Mtawala aliporudi na mawindo yake alimkuta mwanamke amekaa mahali pake, akatambua kwamba nchi imekwisha kumtoka mikononi. Hapakuinuliwa mkuki. Walipatana. Yeye akabaki na mlima wake na heshima ya aliyetangulia. Wale wanawake wakachukua utawala, na kutoka matumboni mwao ukazaliwa ukoo wa kifalme wa Watwa, ambao tusiwachanganye na Batwa wa misitu ya Kongo na Rwanda. Ukoo huo ndio uliotawala Nkansi na Lyangalile, na ndio Wajerumani na Waingereza walioukuta.

Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Kiingereza aliyefanya utafiti hapa Ufipa katika miaka ya 1960, alilichambua simulizi hili kwa kina. Alisema Milanzi ni kichwa na Watwa ni kiuno. Kichwa ni ukubwa, akili, mwanamume. Kiuno ni nguvu, uzazi, mwanamke, mgeni. Ni uchambuzi wa mtu aliyetuheshimu na kutusikiliza, nami nimejifunza mengi kwake. Hata hivyo kila ninapousoma nakwama mahali pale pale. Wale wanawake hawakuichukua Ufipa kwa kiuno. Waliichukua kwa kuielewa maana ya kigoda kuliko alivyoielewa mwenye kigoda. Hiyo, ndugu zangu, ni kazi ya kichwa.

Na kuna jambo la pili. Siku zote tunasimulia wanawake watatu. Walikuwa wanne. Wa nne alikuwa mwenyeji, mwenye nyumba, aliyesikia hodi akajibu karibu. Katika masimulizi niliyosimuliwa mimi tangu utotoni hana jina. Ni mke wa Milanzi, basi. Tumezoea kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mwenyeji alimpokea mgeni kama desturi inavyotaka, na jioni ile ile hakuwa tena mke wa mwenye nchi. Hakupigana, hakuachika, hakufiwa. Kiti cha mumewe kilikaliwa, na cheo chake kikaenda na kiti.

Jioni hii nataka tukae na huyo mama, kwa sababu yeye ndiye ndugu yao wale wanawake wa Uingereza.

Nilifundisha historia kwa miaka mingi. Jumamosi ya tarehe 19 Mei 2018 mwana wa mfalme Harry alimwoa Mmarekani aitwaye Meghan Markle, na televisheni za dunia nzima zilionyesha. Jumatatu yake msichana mmoja wa kidato cha tatu alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, sasa yule dada ameshakuwa nani?" Nilimjibu kwa haraka kwamba amekuwa mke wa duki. Akasema: "Hilo ni la mumewe. Nauliza yeye." Darasa likacheka, mimi nikaendelea na somo, lakini swali lile halikuondoka. Leo ninamjibu, kama yuko humu au kama hayupo.

Watu wa nasaba nchini Uingereza wana ngazi tano, na ya juu kabisa chini ya familia ya mfalme ni ya duki. Duki wa kwanza wa Kiingereza aliwekwa mwaka 1337, pale Mfalme Edward wa Tatu alipomfanya mwanawe mkubwa kuwa Duki wa Cornwall. Mke wa duki huitwa dachesi. Magazeti yetu huliandika neno hilo kwa herufi za Kiingereza. Mimi nalitamka kwa ulimi wetu. Hakuna sherehe ya kumtawaza. Hapakwi mafuta, halishwi kiapo, hapewi kigoda. Akishafunga ndoa tu, cheo kimeshamfunika. Asubuhi alikuwa binti wa watu. Mchana, watumishi na wageni humwita kwa maneno ya heshima yale yale wanayomwitia mumewe.

Basi tazameni njia ya cheo hicho inavyokwenda upande mmoja. Mume akiwa duki, mke huwa dachesi. Mke akiwa dachesi kwa haki yake mwenyewe, mume hawi duki. Na wamekuwapo wanawake wa namna hiyo, wachache mno. John Churchill, Duki wa Marlborough, jemadari mkubwa wa vita, hakuwa na mwana wa kiume aliyebaki hai, kwa hiyo bunge lilipitisha sheria kwamba cheo chake kiweze kurithiwa na mabinti. Alipofariki mwaka 1722 binti yake Henrietta akawa Dachesi wa Marlborough mwenyewe, pasipo kuolewa na duki yeyote. Mumewe alikuwa bwana Godolphin, na Godolphin akabaki. Cheo cha mume humwagikia mke. Cha mke hakimwagikii mume.

Nilipokuwa nikitayarisha mhadhara huu nililifikiria lile neno lenyewe. Duki, dachesi. Waingereza wana mkia wa neno ambao wanawabandika wanawake: ukisikia mkia, unajua ni mwanamke, na mara nyingi unajua ni mke. Sisi hatuna. Kifipa hakina, Kiswahili hakina, Kinyamwezi hakina, Kiha hakina. Mwene ni mwene. Mtemi ni mtemi. Mwami ni mwami. Neno halikuulizi umevaa nini. Hapa Ufipa mwanamke aliyekalia kigoda aliitwa mwene, sawasawa na kaka yake, na neno hilo ni ndugu wa "mwenye" na "mwenyeji" tunayoyatumia kila siku: mwenye nchi. Kule Kasulu, katika miaka ya 1950, mwami wa Heru alikuwa Theresa Ntare. Hakuwa mke wa mwami. Alikuwa mwami. Unyanyembe, kwa Wanyamwezi, baada ya Mtemi Isike kujilipua kwa baruti ndani ya boma lake mwezi Januari 1893 ili asishikwe na Wajerumani, aliyewekwa kwenye utemi alikuwa mwanamke, Nyaso. Tunaweza kubishana kuhusu sababu za Wajerumani kumtaka yeye, na ni vema tubishane; lugha yetu haikusumbuka hata kidogo. Aliitwa mtemi.

Lakini kukosa mkia kuna gharama yake pia, na sitaki niwasifie lugha yetu upande mmoja. Kwa kuwa hatuna neno la mke wa mwene, mke wa mwene tulimwita mke wa mwene. Mwanamke aliyekaa kwenye kigoda alipata neno kamili. Mwanamke aliyekaa kando ya kigoda hakupata neno, akapata kihusishi.

Nina mfano kutoka kitabu ambacho kiko katika nyumba nyingi za humu. Fungueni Mwanzo sura ya 36, orodha ya wakuu wa Edomu, wazao wa Esau. Wafasiri wa Kiingereza wa mwaka 1611 waliwaita wakuu hao maduki. Wafasiri wa Biblia yetu ya mwaka 1952 walitafuta neno la Kiswahili, wakaandika jumbe. Basi duki kwa Kiswahili cha Biblia ni jumbe! Nawaona wazee mnatabasamu, kwa sababu mnawakumbuka majumbe wa enzi za Wajerumani na Waingereza, wakusanyaji kodi wa vijijini, walivyokuwa mbali na majumba ya Uingereza. Lakini isomeni orodha hiyo mpaka mwisho. Mna jumbe Timna na jumbe Oholibama. Rudini mwanzo wa sura: Oholibama ni mke wa Esau, na Timna ni suria wa Elifazi mwanawe. Wafasiri wengine husema ni majina ya koo au ya mahali. Hata kama ni hivyo, ukoo ulichukua jina la mke na jina la suria, na majina hayo yamesimama katika safu ya majumbe bila mkia wowote. Nimeisoma sura ile mara nyingi, na kila mara nafurahi nikifika hapo.

Turudi kwa dachesi. Cheo kinachoingia kwa mlango wa ndoa hutoka kwa mlango gani? Kuna milango miwili, kifo na talaka, na yote miwili ina uchungu.

Duki akifa, mwanawe hurithi, na mke wa mwanawe ndiye dachesi mpya. Mama mjane hubaki dachesi, ila jina lake huongezewa neno la kuonyesha kwamba zamu yake imepita. Mara nyingi hutoka katika jumba alilolitunza miaka arobaini, akahamia nyumba ndogo ndani ya shamba lile lile. Alice, mke wa Duki wa Gloucester, ambaye kabla ya kuolewa aliwahi kuishi Kenya, alifiwa na mumewe mwaka 1974. Akaomba kwa Malkia Elizabeth ruhusa ya kuitwa Binti wa Mfalme Alice, ijapokuwa hakuwa binti wa mfalme, ili asichanganywe na mke wa mwanawe. Akakubaliwa, na akaishi na jina hilo hadi alipofariki mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 102. Mkifikiri ni jambo dogo, waulizeni wajane wa hapa kwetu ni nani anayekaa kwenye kiti cha mbele katika arusi ya mjukuu.

Talaka ni kali zaidi. Dachesi aliyeachika huruhusiwa kulibeba jina la cheo nyuma ya jina lake la ubatizo, kama mtu anayebeba mzigo begani badala ya kichwani. Ndivyo alivyoitwa kwa miaka mingi Sarah, Dachesi wa York. Akiolewa na mwingine, mzigo unatuliwa. Mwaka 1996 Sarah na Diana, wote wawili waliokuwa wake wa wana wa Malkia, walinyang'anywa ile heshima ya kifalme waliyopewa siku ya arusi. Na yuko mmoja ambaye hakuionja kabisa. Wallis Simpson, Mmarekani aliyekwisha kuachika mara mbili, aliolewa mwaka 1937 na Edward, aliyekuwa ameacha ufalme kwa ajili yake akafanywa Duki wa Windsor. Siku chache kabla ya arusi ilitoka hati ya mfalme: mume atabaki na heshima ya kifalme, mke hatakuwa nayo. Alikuwa dachesi, lakini nusu ya cheo ilisimama mlangoni ikakataa kuingia. Mumewe hakulisamehe jambo hilo mpaka kaburini.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tuna kisa kinachofanana na hivi, nacho ni kikali kuliko vyote nilivyovitaja. Baganda, tofauti na sisi, wana majina kamili ya wanawake wa ikulu. Mke wa Kabaka ni Nnabagereka. Dada anayetawazwa pamoja naye ni Lubuga. Mama yake ni Namasole, na Namasole alikuwa na makao yake, watu wake na ardhi yake. Angalieni: cheo kikubwa kuliko vyote vya wanawake hakikutoka kwa mume, kilitoka kwa mtoto. Kabaka Daudi Chwa alipofariki mwaka 1939, mwanawe Mutesa alikuwa kijana wa shule, na mjane Irene Drusilla Namaganda akawa Namasole. Mwaka 1941 mjane huyu akataka kuolewa tena, na mtu wa kawaida, kanisani, kwa ndoa halali ya Kikristo. Desturi ilisema Namasole haolewi tena. Buganda ikawaka. Katikiro Martin Luther Nsibirwa, waziri mkuu aliyeridhia ndoa hiyo, alilazimika kujiuzulu. Serikali ilitikisika kwa sababu mama wa mfalme alitaka mume.

Namfikiria sana mama yule. Dachesi mjane akiolewa tena hupoteza cheo, lakini huolewa. Namasole aliambiwa cheo chake ni kikubwa mno kiasi kwamba kimemla yeye mwenyewe. Sijui kama kuna mizani ya kupima lipi gumu zaidi. Najua tu kwamba katika nchi zote mbili watu waliokaa kikao kuamua juu ya ndoa ya mjane walikuwa wanaume waliokwisha kuoa.

Sasa, msichana wa kidato cha tatu angeniuliza: "Mwalimu, hao wanawake walifanya nini? Walikaa tu?" Hapana. Hawakukaa. Sarah, mama yake yule Henrietta, alikuwa rafiki wa karibu wa Malkia Anne, na kwa miaka kadhaa mtu hakuweza kufika kwa Malkia bila kupita kwake. Walipogombana, yeye na mumewe wote walianguka, mwaka 1711. Georgiana, Dachesi wa Devonshire, alitoka mitaani Westminster katika uchaguzi wa mwaka 1784 akimwombea kura mwanasiasa aliyemuunga mkono, akaingia kwa wachinja nyama na washona viatu. Yeye mwenyewe hakuwa na kura. Hakuna mwanamke Mwingereza aliyekuwa nayo, na wasingeipata ya bunge hadi mwaka 1918. Wachora vibonzo walimchora akiuza mabusu kwa wachinja nyama. Mwanasiasa huyo alishinda.

Na Unguja? Nani asiyejua ukubwa wa Sultani Seyyid Said? Lakini Salme binti yake, katika kumbukumbu zake alizozichapisha Ujerumani mwaka 1886, anamweleza mke wa ndoa wa baba yake, Azza binti Seif. Alikuwa mwanamke wa umbo dogo, hakuzaa, na masuria waliozaa walijaa nyumbani. Lakini yeye ndiye aliyekuwa Sayyida katika jumba la Mtoni, na wakubwa kwa wadogo walimwogopa. Hakuwa na mtoto wa kumpa jina wala kiti chake mwenyewe. Alikuwa na ndoa na nasaba, akazitumia kama mtu atumiaye fimbo mbili. Salme mwenyewe alikwenda njia ya kinyume. Aliolewa mwaka 1867 huko Aden na mfanyabiashara Mjerumani, akatoka kuwa Sayyida akawa Emily Ruete. Ndoa inayompandisha mmoja humshusha mwingine.

Pwani ya kaskazini tunaye Mwana Kupona, mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyempinga Seyyid Said. Mume alikufa mwaka 1856. Miaka miwili baadaye mjane, naye ni mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa mafunzo ya maisha ya ndoa. Leo ukimtaja Bwana Mataka, nje ya watu wa historia, wengi watauliza ni nani. Ukimtaja Mwana Kupona, kila aliyesoma fasihi ya Kiswahili anamjua. Neno hilo "Mwana" mbele ya jina lake ndilo heshima ya wanawake wa nasaba wa pwani, na wala halikumtoka mume alipokufa, kwa maana si mume aliyempa.

Nimeahidi kutowaweka sana, lakini kuna usiku mmoja lazima niutaje, kwa sababu ulipita jirani yetu kabisa. Mwaka 1947, siku ya arusi yake na Elizabeth, binti wa Mfalme George wa Sita, Philip alifanywa Duki wa Edinburgh. Kuanzia siku hiyo Elizabeth, pamoja na kuwa binti wa mfalme, alikuwa dachesi: mke wa duki, kwa sheria ile ile niliyoieleza. Mwezi Februari 1952 walikuja Kenya. Usiku wa kuamkia tarehe 6 walilala Treetops, nyumba iliyojengwa juu ya mti kule Aberdare, karibu na Nyeri, wakitazama tembo na vifaru wakinywa maji. Usiku huo baba yake alifariki Uingereza. Alipanda mtini akiwa Dachesi wa Edinburgh. Alishuka akiwa Malkia, na hakujua mpaka mchana, pale mumewe alipomwambia huko Sagana.

Tafakarini mabadiliko hayo. Jioni alikuwa na cheo cha mume. Asubuhi alikuwa na kigoda chake. Na mume? Alikuwa duki, akabaki duki. Hakuwa mfalme, kwa sababu mke hammwagikii mume cheo. Philip aliyekuja Dar es Salaam kumwakilisha Malkia usiku wa uhuru wetu, Desemba 1961, alikuja kama mume wa mwenye kiti. Alitembea hatua moja nyuma ya mkewe kwa miaka zaidi ya sitini. Watu wengi walimwonea huruma. Mimi namheshimu kwa hilo, ila najiuliza kwa nini hatujawahi kuwaonea huruma wanawake wote waliotembea hatua hiyo hiyo tangu mwaka 1337.

Sisi nasi tumeliona. Tangu tarehe 19 Machi 2021 nchi yetu ina Rais mwanamke. Kiswahili hakikuhitaji neno jipya. Rais ni Rais. Lakini mke wa Rais tulikuwa tumemzoea: Mama Maria, Mama Siti, Mama Anna, Mama Salma, Mama Janeth. Tuliwapa jina la "Mama", ambalo kwetu ni kubwa kuliko dachesi. Mume wa Rais hatukuwa na neno la kumpa, akabaki mume wa Rais. Kigoda kimekaliwa, na aliye kando yake amepata kihusishi. Safari hii ni mwanamume.

Mwaka 1963 ulitokea mkutano wa ajabu wa mambo ambao sijaona mtu akiutaja. Mwaka huo Tanganyika ilifuta kwa sheria mamlaka ya machifu. Wamwene wa Ufipa, watemi, wamwami, wote walirudi kuwa raia. Theresa Ntare naye. Mwaka huo huo, mwezi Julai, bunge la London lilipitisha sheria iliyowaruhusu wanawake wenye vyeo vya kurithi kwa haki yao wenyewe kuingia Baraza la Mabwana kwa mara ya kwanza. Huku tulifunga mlango ambao mwanamke alikuwa akipita tangu enzi za wale watatu; kule waliufungua mlango ambao hakuwahi kupita. Silaumu uamuzi wa 1963. Nchi changa ilihitaji kuwa moja, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Ila angalieni hata hapo: mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22. Tunamjua kwa jina kwa sababu ya mtoto. Wale 21, wake wa chifu wote, nani humu anaweza kumtaja mmoja?

Na katika sheria ile ya Uingereza, wake wa maduki hawakuguswa. Wao wasingeweza kuingia. Cheo chao hakikuwa chao.

Basi jibu langu kwa binti yule ni hili. Meghan amekuwa dachesi, na maana yake ni kwamba amewekwa kando ya kigoda. Ni mahali penye heshima na pana nguvu zake. Sarah wa Marlborough, Georgiana na Azza walizitumia. Lakini ni mahali ambapo mtu hujulikana kwa kiti asichokikalia. Swali lake, "nauliza yeye", ni swali ambalo vyeo vya wake havikuumbwa kulijibu. Ilinichukua miaka kulielewa.

Mama yangu mzazi alikuwa mtu wa Ufipa hii. Alilima ulezi na maharage, akatulea. Hakuolewa na mwene wala na jumbe. Tangu nilipozaliwa, mimi kifungua mimba, kijiji kizima kilimwita kwa jina langu: Mama Fulani. Baba alimwita hivyo, padre alimwita hivyo, muuza duka aliandika hivyo kwenye daftari la mikopo. Alikuwa na fahari nalo. Siku ya mazishi yake fundi seremala alikuja na msalaba na kopo la rangi nyeusi, akauliza aandike nini. Wajukuu wakatazamana. Mmoja akasema aandike Bibi. Mimi nilikuwa nimekwenda kuwapokea wageni waliotoka Namanyere, sikuwapo. Mama mdogo akatoka jikoni, mikono yake ina unga, akasimama mbele ya fundi, akalitaja jina la dada yake lote, la ubatizo na la ukoo, polepole, akisubiri kila neno likauke ndipo ataje linalofuata.